Tatuu yangu imeingia kwenye gemu: nina changu hapo?

SWALI: Shikamoo wakili. Mimi ni mchora tatuu, nina kibanda changu Mwanjelwa, Mbeya. Mwaka juzi nilimchora mchezaji mmoja wa mpira mkono wote wa kulia: mlima Loleza, jua linachomoza nyuma yake, na chini jina la mama yake kwa herufi za kujikunja. Alinilipa, tukapeana mkono, tukaachana. Sasa kuna vijana wanatengeneza gemu la mpira la kwenye simu, wamemweka yeye, na mkono wameuweka vilevile nilivyouchora, mpaka kivuli cha mlima. Wameshaanza kulitangaza. Nimemuuliza mchezaji, anasema mwili ni wake. Vijana nao wanasema wameshamalizana na yeye, hawadaiwi na mimi. Sasa tatuu ni ya nani? Na hela naweza kudai?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na jibu lenyewe, maelezo yafuate. Mchoro ni wako. Mkono ni wake. Gemu ni la wale vijana. Kila mmoja ana haki yake ya kweli, na haki ya mmoja haifuti ya mwenzake, ndiyo maana kila mmoja wenu anajiona anaonewa. Kudai unaweza. Ila kama umeshaanza kutafuta kiwanja Uyole kwa matarajio ya hela ya hilo gemu, punguza mwendo kidogo. Hela tutaifikia.

Tuanze na sheria ya kwetu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya sanaa tangu inapozaliwa mikononi mwa aliyeibuni. Haingoji cheti wala muhuri. Haki hiyo inaishi maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako, wanao wakiwa ndio wenyewe. Uchore kwenye turubai, ukutani au kwenye ngozi ya mtu, sheria inachouliza ni kama kazi ni ya kubuni kwako mwenyewe. Na kulipwa ujira hakumaanishi umeuza hakimiliki. Yule kijana alikulipa kwa wino, sindano na saa zote ulizokaa umeinama juu ya mkono wake. Kuhamisha haki zenyewe, yaani haki ya kunakili, kusambaza na kuuza mchoro, sheria inataka kuwe kwa maandishi na saini. Kupeana mkono hakutoshi.

Hapo kuna mambo mawili ya kujiuliza kabla hujaenda mbali. Kibanda ni chako kweli, au ulikuwa umeajiriwa na mtu? Kazi iliyofanywa ndani ya ajira, haki zake za kiuchumi kwa kawaida huwa za mwajiri, isipokuwa kama mlikubaliana vingine. Umeandika "kibanda changu", basi nakuamini. La pili: mchezaji alikuja na mchoro wake kwenye karatasi, au alikuja na wazo tu? Kama alikwambia "nichoree Loleza na jina la mama", hilo ni wazo, na wazo halina mwenyewe. Kama alikuja na karatasi ameshachora mlima, jua na mpangilio wote, wewe ukaupeleka kwenye stensili (karatasi ya kuhamishia mchoro kwenye ngozi) jinsi ulivyo, basi mchoro ni wake, wewe ni fundi. Na kama mlikaa pamoja, huyu anafuta, huyu anaongeza, mnaweza kuwa na kazi ya watu wawili.

Sasa tuutazame mkono wenyewe, maana watu wengi hapa ndipo wanapojichanganya. Mlima Loleza si wako. Upo pale juu ya mji, na kila mpiga picha wa Mbeya ameshaupiga. Jua linalochomoza nyuma ya mlima si lako pia, lipo kwenye nusu ya nembo za shule nchi hii. Jina la mama wa mtu halina hakimiliki hata kidogo. Kilicho chako ni jinsi ulivyoviweka: mgongo wa mlima ulivyoufuatisha na msuli wa mkono, miale ulivyoivunja ili ipite juu ya kiwiko, kivuli ulichokijaza kwa nukta badala ya mistari, mkia wa herufi ya mwisho unaozunguka na kurudi kwenye mguu wa mlima. Hayo ndiyo uliyoyabuni. Wale vijana wangechora Loleza yao wenyewe kwenye mkono wa mchezaji wao, usingekuwa na la kusema. Wewe unasema wameweka mpaka kivuli. Kama ndivyo, wamenakili kazi yako na hilo halina ubishi mrefu. Ubishi upo kwenye swali linalofuata: je, walihitaji ruhusa yako?

Swali hilo limepiganiwa zaidi Marekani kuliko kwingine kokote, kwa sababu huko ndiko yanakotengenezwa magemu mengi ya michezo yenye wachezaji halisi na ndiko wachezaji walikojaa tatuu. Hukumu za huko hazizifungi mahakama zetu. Jaji akikaa Mbeya au Iringa anaweza kuzisoma kama hoja za kumshawishi, basi. Lakini zinafundisha, na upande wa pili wakipata wakili mwenye bidii atakuja nazo, kwa hiyo bora uzisikie kwangu kwanza.

Ya mwanzo kabisa haikuwa ya gemu. Mwaka 2003 S. Victor Whitmill alimchora Mike Tyson ile tatuu ya kuzunguka jicho la kushoto. Mwaka 2011 kampuni ya Warner Bros. ikatoa filamu ya The Hangover Part II, ambamo mhusika mwingine kabisa anaamka asubuhi usoni ana tatuu ileile. Whitmill akaenda mahakamani Missouri. Upande wa kampuni ulileta hoja kwamba mwili wa binadamu hauwezi kubeba hakimiliki. Jaji Catherine Perry aliitupilia mbali hoja hiyo bila kupoteza muda. Hakuizuia filamu kuonyeshwa, kwa sababu kuizuia kungewaumiza watu wengi waliokwisha kuitangaza na kuilipia, lakini alisema Whitmill ana nafasi nzuri ya kushinda. Wiki chache baadaye wakamalizana nje ya mahakama. Angalia vitu viwili hapo. Ugomvi haukuwa juu ya uso wa Tyson mwenyewe, ni tatuu kuwekwa usoni kwa mtu mwingine. Na Whitmill alikuwa na karatasi: Tyson alisaini mwaka ule wa 2003 kwamba michoro yote inayohusu tatuu hiyo ni mali ya mchoraji. Karatasi moja ya siku ya kuchorwa, ikaja kufanya kazi miaka minane baadaye.

Kwenye magemu mambo yaligeuka. Kampuni iitwayo Solid Oak Sketches ilichukua haki za baadhi ya tatuu kutoka kwa wachoraji, kisha mwaka 2016 ikaishtaki Take-Two, wenye mfululizo wa magemu ya NBA 2K. Tatuu zilikuwa za wachezaji watatu wa kikapu: LeBron James, Eric Bledsoe na Kenyon Martin. Hukumu ilitoka New York Machi 2020, na Jaji Laura Taylor Swain akawapa ushindi wenye gemu kwa hoja tatu.

Ya kwanza, tatuu zilikuwa ndogo mno. Kwenye skrini zilionekana kwa asilimia kati ya 4.4 na 10.96 ya ukubwa wake halisi, tena kwenye miili inayokimbia, na wachezaji hao walikuwa watatu tu katika gemu lenye wachezaji zaidi ya 400. Ya pili, wachoraji walijua wanawachora watu mashuhuri ambao wangeonekana kwenye runinga, matangazo na magemu. Kwa kuwachora huku wakijua hivyo, walikuwa wametoa ruhusa bila kuitamka. Ya tatu, tatuu iliwekwa ili mchezaji afanane na alivyo. Hakuna aliyenunua gemu lile kwenda kutazama michoro.

Hiyo hoja ya pili ndiyo itakayokusumbua wewe. Mbeya ya Juni, kijana wako anatembea mtaani na jaketi mpaka shingoni, mkono hauonekani. Mahali pekee mkono huo unapoonekana na watu wengi ni uwanjani, akiwa na jezi ya mikono mifupi, kamera zikimfuata. Nawe ulijua ni mchezaji wakati unamchora. Pengine ulifurahi kwa sababu hiyohiyo, na sikulaumu, ni tangazo la bure. Lakini wakili wa upande wa pili atakuuliza mbele ya hakimu: ulitegemea avae mikono mirefu?

Hata hivyo jaji mwingine, jimbo lingine, aliona tofauti. Catherine Alexander alikuwa amemchora mwanamieleka Randy Orton kwa miaka kadhaa, kuanzia 2003. Mwaka 2009 alipowasiliana na WWE, kampuni ya mieleka, kuhusu michoro yake, walimtolea dola 450, akakataa. Mwaka 2018 akawashtaki WWE na Take-Two kwa magemu ya WWE 2K. Mahakama ya Illinois ilikataa hoja ya udogo, kwa kuwa tatuu zilikuwa zimenakiliwa zima zima, na mwaka 2020 ikaona wazi kwamba kunakili kumefanyika. Maswali yaliyobaki yakaenda kwa jopo la raia, utaratibu wa Wamarekani wa kuwapa wananchi wa kawaida kuamua kesi. Septemba 2022 jopo likampa ushindi mama yule. Ushindi wenyewe ulikuwa dola 3,750, ambazo kwa kubadilisha siku zile hazikufika shilingi milioni tisa, kwa magemu yaliyouzwa dunia nzima. Faida ya magemu hakupata hata senti, kwa sababu jopo liliona faida haikutokana na tatuu. Na mwaka 2024 jaji akazifuta hata hizo dola 3,750, akisema ushahidi haukuonyesha zimehesabiwa kutoka wapi. Mama alishinda haki, mkononi hana kitu.

Mwaka huohuo, mwezi Aprili, kesi nyingine ikasikilizwa Ohio. Mdai alikuwa Jimmy Hayden, aliyemchora LeBron James, akiwashtaki Take-Two walewale, na mojawapo ya tatuu hizo ni jina Gloria, ambalo ni jina la mama yake LeBron. Unaona ulivyo karibu naye. Jopo la Ohio likasema Hayden alikuwa ametoa ruhusa bila kuitamka, wenye gemu hawana kosa. Kwa hiyo Illinois mchoraji alishinda, New York na Ohio wakashinda wenye gemu, na sheria ni ileile moja ya nchi moja. Mtu akikwambia jambo hili limeshakwisha, ama hajasoma ama anataka ada yako.

Sasa rudi Mwanjelwa. Mchezaji anaposema "mwili ni wangu", ana hoja, tena nzito. Fundi akikushonea suti hakufuati harusini kukudai chake kila ukipigwa picha. Mtu hawezi kuuza nusu ya uhuru wake kwa sababu alikaa kwenye kiti cha mchora tatuu. Kupiga picha, kuhojiwa kwenye runinga, kutokea kwenye bango la timu akiwa na mkono wake vile ulivyo, hayo usijaribu kuyazuia, utaonekana kituko. Sura na mwonekano wake ni vyake: Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu, na tangu mwaka 2022 kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Vijana wale walikuwa na wajibu wa kumwomba yeye kwanza, na inaonekana walimwomba. Hapo hawakukosea.

Alichokosea yeye ni kufikiri kwamba ruhusa ya mwili inabeba kila kitu kilicho juu yake hadi mahali popote. Inabeba mwili ukiwa mwili. Hapa ndipo nataka uende ukalichungulie lile gemu kwa makini, si kwa hasira. Pakua kama limeshatoka, cheza, piga picha za skrini. Tazama hivi: mkono unaonekana tu akiwa uwanjani, kidogo, anakimbia? Au kuna ukurasa wa gemu ambapo mkono umekuzwa umejaa skrini? Tangazo lao limeweka mkono mbele kama kivutio? Na hili ndilo kubwa kuliko yote: je, mchezaji wa gemu anaweza kuichukua ile tatuu, akainunua kwa vocha au sarafu za gemu, akamvika mchezaji mwingine yeyote? Kama ipo hivyo, hoja ya "tumemwonyesha alivyo" imekufa. Hapo mchoro umetoka mwilini ukawa bidhaa, kama ilivyotoka ya Tyson ikaenda usoni kwa mwigizaji. Ukikuta hivyo, niandikie siku hiyohiyo.

Ukikuta mkono unaonekana kidogo tu akiwa anacheza, maoni yangu ni kwamba kesi ya kwenda nayo mahakamani ni dhaifu, hata kama kunakili kumefanyika. Nasema dhaifu, sisemi haipo. Sheria yetu haina ule mlango mpana walionao Wamarekani wa kupima kila matumizi na kuona kama ni ya haki. Ya kwetu inataja matumizi yanayoruhusiwa bila idhini, moja moja, kama kunukuu, kufundishia na matumizi binafsi, na gemu la biashara haliingii humo kwa urahisi. Hiyo ni faida kwako ambayo Solid Oak hawakuwa nayo. Lakini hoja ya ruhusa isiyotamkwa haitegemei mlango huo. Inategemea ulichokijua na ulichokifanya siku ile, na wewe ulinyamaza.

Kuhusu hela, kipimo cha kwanza si ukubwa wa gemu. Ni thamani ya ruhusa yako kama wangekuja kukuomba kabla. Mwaka 2012 mchoraji Christopher Escobedo aliwadai THQ, kampuni ya magemu, kwa tatuu ya simba ya mpiganaji Carlos Condit kwenye gemu la mapigano la UFC. Alitaka mamilioni ya dola. Kampuni ikafilisika katikati, na mahakama ya ufilisi ikakadiria dai lake kuwa dola 22,500. Kwa gemu la vijana la simu ambalo halijaanza kuingiza, jiulize ni shilingi ngapi wangekubali kulipa kwa mkono mmoja wa mchezaji mmoja. Kiasi hicho ndicho utakachokipata kwa mazungumzo, na mazungumzo hayana gharama za kwenda na kurudi mahakamani. Tena usidharau malipo yasiyo hela. Jina lako kwenye ukurasa wa waliotengeneza gemu ni haki yako hata kabla ya hela: sheria inampa mbunifu haki ya kutajwa, na haki ya kukataa kazi yake isiharibiwe. Wakikubaliana nawe uwachoree tatuu za wachezaji wengine wa gemu kwa malipo, umepata mteja badala ya mshitakiwa.

Wenzetu wa Marekani walishajifunza kumaliza jambo hili mapema. Mwaka 2013 chama cha wachezaji wa NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, kiliwashauri wachezaji wachukue ruhusa za maandishi kwa wachoraji wao. Mwaka uliofuata gemu la Madden NFL 15 likatoka na tatuu za mchezaji Colin Kaepernick zikiwa zimewekwa, kwa sababu ruhusa za wachoraji zilikuwa zimepatikana. Hakuna aliyemshitaki mtu.

Ushahidi wako upo wapi? Waswahili walisema mali bila daftari huisha bila habari, na kibanda cha tatuu nacho ni mali. Karatasi ya stensili kama hukuitupa, itafute, iweke ndani ya bahasha. Michoro ya kwanza ya penseli, hata ile uliyoikataa, ndiyo inayoonyesha kwamba uliibuni mwenyewe hatua kwa hatua. Picha ulizopiga siku ile mkono ukiwa bado umevimba zina tarehe ndani ya simu, usizihamishe kwa njia inayofuta tarehe. Ujumbe wa WhatsApp wa kupatana bei, na muamala wa M-Pesa au Tigo Pesa (sasa Mixx by Yas) kama alilipa hivyo. Kisha peleka mchoro COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi, ukausajili. Usajili haukupi haki, haki unayo tayari, ila cheti kinakupunguzia maneno mahakamani. Na kwa kuwa Tanzania iliingia kwenye Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, mwaka 1994, gemu hilo likinunuliwa na kampuni ya nje kesho, mchoro wako unalindwa huko pia.

Niingize na hili hapa, kwa sababu nimeshaona kuta za vibanda vingi. Kama ile Loleza uliichora mwenyewe, sawa. Lakini ukutani kwako umebandika nini? Simba wa mtu, waridi la mtu, malaika uliyempakua mtandaoni? Michoro hiyo ina wenyewe, na huwezi kudai kwa mwenye gemu mchoro ambao na wewe umeuchukua. Mpiga picha Jeffrey Sedlik alimshitaki mchora tatuu maarufu Kat Von D kwa kumchora mteja sura ya Miles Davis kutoka kwenye picha yake. Januari 2024 jopo la Los Angeles lilimwachia Kat Von D, lakini baada ya miaka ya mawakili ambayo mimi na wewe tusingeimudu. Na wateja wakikuletea mapambo ya asili ya jamii fulani, chale za kale au nakshi za mababu, ujue hayo nayo hayana mchoraji mmoja wa kuyadai. Sheria ileile ya 1999 inayalinda kama sanaa za jadi, na kuyatumia kibiashara nje ya mila zake kunahitaji idhini ya BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa.

Kuanzia mteja wako wa kesho, weka karatasi mezani pamoja na glavu. Si lazima iwe ndefu wala ya kisheria sana. Iandike hivi, au karibu na hivi:

"Mimi, nikitaja jina langu kamili, nimechorwa tatuu iliyoelezwa hapa na mchoraji aliyetajwa hapa, tarehe ya leo. Mchoro ni kazi ya mchoraji na hakimiliki ni yake. Naruhusiwa kuonekana na tatuu hii popote na kwa namna yoyote, ikiwa ni pamoja na picha, runinga, matangazo na magemu, mradi tatuu inaonekana mwilini mwangu kama ilivyo. Anayetaka kuutumia mchoro peke yake nje ya mwili wangu, au kuuweka kwa mtu mwingine, ataomba ruhusa ya mchoraji."

Saini mbili, picha ya mchoro nyuma yake, nakala moja abaki nayo mteja. Mchezaji au msanii atakushukuru, maana karatasi hiyo inamfungulia njia ya kusaini mikataba bila kukutafuta. Wewe nawe umejilinda pale panapolipa. Wapo wachoraji watakaokwambia umwandikie mteja akulipe kila akionekana kwenye tangazo. Usifanye hivyo. Utabaki na karatasi nzuri na kiti kitupu.

Kwa hawa vijana sasa. Waandikie barua ya ukurasa mmoja, ya upole, kabla ya kwenda mtandaoni kuwatukana. Eleza wewe ni nani, ulichora lini, ambatisha picha ya stensili na picha za skrini za gemu lao zikiwa bega kwa bega, na taja unachotaka: jina lako litajwe, tatuu isiuzwe wala isivishwe mchezaji mwingine ndani ya gemu, na mkae kuzungumza malipo ya ruhusa. Wape siku kumi na nne. Tumia barua pepe na pia ipeleke kwa mkono, mpokeaji akusainie nakala. Usiandike neno "wizi", kwa sababu linafunga mlango na hulihitaji. Wakikubali kukutana, mchukue na mchezaji mwende pamoja. Yeye akiwa upande wako mna mkono na mchoro kwa pamoja, na wenye gemu wanavihitaji vyote viwili. Akiwa upande wao, una nusu tu. Kwa hiyo anza na yeye, wiki hii, kabla barua haijaondoka.